Mkoba kwa Mkoba

Ukiingia sebuleni kwangu hapa Gongo la Mboto, usitafute picha ya harusi ukutani. Ilikuwepo, nikaihamishia chumbani, na marehemu mume wangu alininunia mpaka akachoka. Ukuta ule mkubwa unaotazamana na mlango ni wa mikoba ya risasi. Ni mikoba midogo ya ngozi nene, kila mmoja una ukubwa wa nusu mkate, ambayo askari wa miguu waliifunga kwenye mkanda mbele ya tumbo ili mkono uchomoe risasi bila macho kuacha kutazama mbele. Mjerumani alikuja nayo nchi hii mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akawavalisha askari wake, na wengi wa askari hao walikuwa babu zetu wenyewe. Ukutani ilikuwa kumi na mmoja. Kama kuna mwanamke mwingine Dar es Salaam hii mwenye zaidi ya hapo, ajitokeze, nitampikia pilau.

Kazi yangu ni mikoba. Nina kibanda karibu na kituo, nauza mikoba ya kike na kutengeneza iliyokatika vishikio au kufa zipu. Kwa hiyo watu wakisikia ninakusanya mikoba wanadhani ni ile ya kuendea harusini. Wakiingia ndani wakaona ukuta, wanabaki mdomo wazi. Majirani wananiita Mama Risasi, na mimi naitika. Kambi ya jeshi haiko mbali, na wanajeshi huniletea mikanda yao niwashonee. Siku moja mmoja wao, kijana mrefu, alinifuata nyumbani kuchukua mkanda wake, akaona ukuta. Akavua kofia. Akasogea, akanusa ngozi, akaniuliza kama anaweza kugusa. Nikamwambia gusa, lakini kanawe kwanza. Akatoka mbio kwenda bombani, na mimi nikasimama pale nimevimba kwa fahari mpaka kitenge kikanibana.

Mkoba wa kwanza ulikuwa wa nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi ngozi Tabora. Alishona viatu, mikanda na ala za visu, na hakuweza kupita mbele ya kitu cha ngozi bila kukipindua aone kimeshonwaje. Mkoba ule aliutumia kuwekea sindano zake na nta ya kupakia uzi. Ulikuwa wa babu yake, aliyekuwa askari wa Mjerumani. Kwetu babu huyo hakuwa anasimuliwa sana. Inajulikana alikwenda vitani kusini, akarudi na mguu mbovu, akalima karanga hadi kufa kwake, na mtu akimuuliza habari za kusini aliinuka akaenda zake. Baba hakunionyesha mkoba ule kama habari za vita. Alinionyesha kama kazi ya mikono.

"Tazama mshono huu wa chini," alikuwa ananiambia. "Matundu yote yako sawa, hakuna hata moja lililopasuka. Siku ukishona kitu kikadumu hivi, njoo uniambie."

Alipofariki, ndugu zangu wa kiume walichukua ng'ombe na cherehani, mimi nikaomba mkoba. Walicheka. Wacheke.

Mingine yote niliipata kwa sheria moja niliyojiwekea: mkoba kwa mkoba. Sinunui. Mtu akiniambia ana kitu cha aina hiyo, namfuata na mkoba mpya niliouchagua dukani kwangu au nilioushona kwa mikono yangu, namwambia tubadilishane. Ukimpa mtu fedha, kesho zimeisha, na anachokumbuka ni kwamba alikuwa na kitu cha babu akakiuza. Ukimpa mkoba, anautumia, na akiulizwa ameupata wapi ana cha kusimulia. Mmoja niliupata Pugu kwa fundi baiskeli aliyekuwa anawekea viraka na gundi. Mwingine niliukuta Chanika, kifuniko chake kimekatwa na kugongomelewa kwenye mlango wa banda la kuku kiwe bawaba. Mama mwenye kuku alichagua mkoba mwekundu wenye mnyororo, akaenda nao kanisani Jumapili ileile, na banda nikamwekea bawaba za chuma. Kile kifuniko nilikishona tena kwa uzi wa katani uliopakwa nta, nikifuata matundu yaleyale ya zamani bila kutoboa hata jipya. Mgeni akitazama hajui kama kiliwahi kukatwa. Mimi najua, na kila nikipita hapo najipongeza.

Basi binti yangu akaposwa. Kijana anakaa Mbagala na wazazi wake, watu wa Songea. Ni kijana mzuri, sina neno naye, isipokuwa anakula taratibu mno. Ilikubaliwa kwamba Jumamosi asubuhi ndugu zake waje rasmi na mshenga wao. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu, mjomba wa binti, aliyetoka Tabora pamoja na dada yetu mkubwa. Kaka aliingia sebuleni, akatua begi, akatazama ukuta.

"Hii yote utaishusha," akasema.

"Nani kasema?"

"Unajua wanaokuja ni watu wa wapi? Unajua waliovaa mikoba hii walikwenda kufanya nini huko Songea? Walichoma vijiji, wakachoma maghala, watu wakafa kwa njaa. Na babu yetu alikuwemo. Halafu wewe umemtundika ukutani, waje wakae chini yake wanywe chai!"

"Sijamtundika babu. Nimetundika mkoba."

"Kawaeleze hivyo wao."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mwenyewe nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu siku kijana alipotaja kwao. Sijivunii alichokwenda kufanya babu. Sijui alifanya nini, na ninachokisia si kizuri. Fahari yangu ni kwamba kitu chenyewe tulikitunza, hatukukitupa wala hatukukifungia sandukuni tukajifanya hakipo. Kukishusha kwa sababu wanaokuja ndio wenye haki ya kuuliza, hapo ningekuwa nimekuwa mwoga. Lakini upande wa pili alikuwa binti yangu. Alinifuata jikoni nikichambua mchele.

"Mama, mie hiyo mikoba nimekua nayo, hata siioni," akasema. "Ila bibi yake anakuja. Katoka Songea kabisa kwa ajili ya hii ishu. Bibi akisema hapana, kwao ni hapana. Fikiria tu, Mama, nakuomba."

Nikafikiria. Nikamwambia mikoba itabaki, na mtu akiuliza nitajibu mwenyewe. Akainamisha kichwa, akachukua ungo mwingine, tukachambua wote. Hakulia, na ningependa alie.

Aliyevuruga mambo ni dada yetu mkubwa. Kwetu wageni wa posa hawapokelewi na kitu kilichofubaa. Sufuria zinasuguliwa kwa majivu, viatu vya kila mtu vinapigwa kiwi, hata vya asiyehudhuria. Ijumaa, nilipokuwa sokoni kufuata nazi, dada alimaliza viatu vya nyumba nzima akabakiwa na kiwi nyeusi nusu kopo na nguvu zake zote za mikono. Akatazama ukutani. Akaona ngozi ya kahawia, imepauka, haina hata mng'ao, na wakwe wanakuja kesho. Akanionea huruma. Niliporudi nilikuta mikoba kumi na mmoja inang'aa, nyeusi tii, imepangwa vizuri kuliko nilivyoiacha.

"Nimekusaidia," akasema, kiwi imemfika kwenye viwiko.

Sitaandika hapa nilichotaka kumjibu. Ni dada yangu mkubwa na kila asubuhi namwamkia shikamoo.

Kiwi ikikaukia kwenye ngozi ya zamani inaingia kwenye mishono na kuifanya ikakamae mpaka ipasuke, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kugombana. Nikaishusha yote. Kulipopambazuka nilikuwa uani na kitambaa chenye povu la sabuni ya kipande, kimekamuliwa mpaka hakitoi tone, napangusa mmoja baada ya mwingine na kuutundika kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, upande wa kivuli, katikati ya kanga na mashati. Ngozi haianikwi juani. Wageni walipobisha hodi nilikuwa nimebakiza mmoja tu, wa babu, ambao kila nikipangusa ulizidi kutoa weusi. Nikautundika na weusi wake nikakimbia kuvaa.

Sebuleni ukuta ulikuwa mtupu, misumari tu. Kaka alikuwa ameshaweka kalenda ya kanisa kwenye msumari mmoja na saa kwenye mwingine, amevaa suti yake ya kijivu, anatabasamu.

"Mungu mkubwa," akaninong'oneza.

Mimi nilijisikia nimevuliwa nguo.

Walikuja mshenga, baba wa kijana, shangazi zake wawili, na bibi. Bibi alikuwa mwembamba, mnyoofu, na alipoketi alitazama misumari ile kwa muda kabla ya kutazama watu. Tulimwamkia wote kwa zamu. Binti, kama ilivyo desturi, alikaa chumbani nyuma ya pazia. Mshenga akaanza maneno yake ya kuzungukazunguka, kwamba wamepita njia wakaona ua zuri kwenye bustani ya nyumba hii. Kaka akajibu kwamba bustani yetu ina maua mengi, wataje ni lipi. Mambo yakawa yanakwenda sawasawa, chai ikamiminwa, na bibi akauliza choo kiko wapi.

Choo cha wageni kiko uani. Kaka alinitazama, nami nikatazama maandazi. Dada akainuka kumsindikiza.

Alikawia. Aliporudi hakukaa. Alikuwa ameushika mkoba wa babu kwa mikono miwili, na vidole vyake vimekuwa vyeusi.

"Kuna mikoba kwenye kamba yenu," akasema. "Huu ni wa nani?"

Kaka akawahi. "Aa, Bibi, hayo ni mapambo tu. Dada yangu huyu ana biashara ya mikoba, sasa..."

"Sijakuuliza wewe."

Pazia la chumbani lilitikisika. Nilijua binti yangu yuko nyuma yake. Nikasimama.

"Ni wa babu yake baba yangu, Bibi," nikasema. "Alikuwa askari wa Mjerumani. Mingine nimeikusanya mimi kwa watu mbalimbali, na huwa inakaa kwenye ukuta huo hapo siku zote. Jana ilipakwa kiwi kwa bahati mbaya ndiyo maana iko kwenye kamba. Sikuishusha ili kuwaficheni."

"Alifika kwetu?"

"Alikwenda kusini. Alirudi hataki kusema kitu. Nadhani alifika kwenu, Bibi."

Hakuna aliyegusa chai. Baba wa kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi aliupindua mkoba, akafungua kifuniko, akaingiza vidole ndani, kisha akautazama ule mshono wa chini, palepale baba yangu alipokuwa akinionyesha.

"Na sie tunao," akasema. "Uko ndani kwangu Songea, kama huu huu. Una tundu hapa ubavuni, mkuki ulipopita. Babu yangu ndiye aliyeuchomoa kwenye mkanda wa askari, na yeye ndiye mwenye mkuki. Halafu wakaja wengine wakachoma maghala yetu. Bibi yangu akabaki na mbegu za ulezi za kujaza mkoba ule mmoja, basi. Watu walikula mizizi. Walichemsha ngozi za kulalia wakala. Yeye zile mbegu hakuzigusa, alilala nazo. Mvua iliponyesha, akapanda. Mpaka leo kwetu mbegu ya kupanda haiendi shamba kabla haijalala humo. Kuna waliotuambia kitu cha adui kitupeni. Tukitupe kwa nini? Tulikishinda!"

Neno lile la mwisho alilisema kwa majivuno ninayoyajua vizuri, maana nayaona kila siku kwenye kioo. Nilimpenda palepale, ingawa bado sikujua anakwenda kusema nini.

Akamgeukia kaka yangu. "Nyie watu wa Tabora si watani zetu?"

"Ni watani, Bibi," kaka akajibu.

Ni kweli. Watu wa huko kwetu na watu wa kwao ni watani tangu enzi. Mtani ana ruhusa ya kukucheka msibani, kukamata kuku wako mbele ya macho yako, kukutoza faini kwa kosa la marehemu wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Wazee wetu walikuwa na akili sana. Watu wenye sababu ya kuchukiana waliwapa ruhusa ya kutukanana, wakacheka, yakaisha.

Bibi akanyoosha vidole vyake vyeusi, akamvuta kaka mstari wa kiwi kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni.

"Babu yenu alikuja kwetu bila hodi," akasema. "Leo tumemkamata. Huyu ni mateka wangu, naondoka naye."

Na mkoba akautia kwapani.

Chumba kililipuka kwa kicheko. Shangazi wawili wakapiga vigelegele, na nyuma ya pazia kikasikika kigelegele kingine ambacho mtoto anayeposwa hapaswi kukipiga. Kaka alikuwa anacheka na kujifuta, na kila akijifuta anazidi kuwa mweusi. Dada alikuwa amekaa sakafuni, hoi, anasema kiwi yake imefanya kazi.

Mimi peke yangu nilichelewa kucheka. Huo ulikuwa mkoba wa baba yangu. Mingine yote ukutani ningeweza kuitoa nikapata usingizi, huo hapana. Mtani akichukua kitu humnyang'anyi, lakini unaweza kukikomboa kwa kitu kingine, na bibi alikuwa amesimama ananitazama aone kama nitaomba kukomboa. Nilitazama pazia. Nikatazama mikono yake, jinsi ilivyoubana ule mkoba, vidole vimekaa juu ya mshono bila kuuvuta. Asiyejua thamani ya kitu hakishiki vile.

"Mchukue, Bibi," nikasema. "Ila mmpanguse. Sabuni ya kipande, kitambaa kilichokamuliwa sana, na msimwanike juani."

"Mateka hana masharti," akanijibu, wakacheka upya, na posa ikapokelewa.

Walipoondoka nilirudi uani. Mikoba kwenye kamba ilikuwa kumi, na nililia kidogo nikiwa nimesimama katikati ya mashati. Binti alinikuta hapo. Alinikumbatia kwa nyuma akaegemeza kichwa mgongoni kwangu. Jioni tuliitundika yote pamoja, kalenda nikamrudishia kaka, na msumari wa katikati tukauacha bila kitu.

Sherehe ya kumuaga binti, sendofu kama tunavyoiita mjini, tuliifanya kwenye ukumbi mmoja Kinyerezi. Ilipofika zamu ya zawadi za upande wa mume, muziki ukafunguliwa na bibi akatoka mbele akicheza taratibu, kitu amekifunga kwa kanga mpya na kukibeba kichwani. Kila mtu alidhani ni cha bibi harusi. Akampita bibi harusi. Akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti kidogo kwa ajili ya heshima ya ukwe, akaniwekea mapajani.

"Mjukuu wangu ananiambia wewe una sheria yako," akasema. "Mkoba kwa mkoba."

Nilifungua. Ulikuwa mkoba wa ngozi, umeiva na kulainika kwa kushikwashikwa, unanuka nafaka. Ubavuni kulikuwa na tundu la mkuki. Au niseme lilikuwepo, maana kwa ndani lilikuwa limezibwa kwa kiraka cha ngozi ya mbuzi ili mbegu ndogo kama zile zisivuje. Niliupeleka kwenye mwanga wa taa za ukumbi, nikapitisha kidole kwenye mshono wa kile kiraka. Yule bibi wa bibi, aliyekuwa na njaa na ghala lililoungua, alikuwa ameshona kwa uzi wa mshipa wa mnyama, na matundu yote yalikuwa sawa. Hakuna hata moja lililopasuka. Nilitamani baba awepo, niende nimwambie. Si kazi yangu, lakini ningekwenda kumwambia.

Sasa uko kwenye msumari wa katikati. Wakija watu kutazama ukuta, wakamaliza kushangaa vifungo vya shaba na mihuri ya Mjerumani, nawaambia hayo yote ni ya kiwandani, hebu njooni muone mshono wa mwanamke. Naona fahari kuuonyesha kuliko nilivyowahi kuona fahari kwa kitu chochote nilichoshona mwenyewe, na mnajua sasa kwamba mimi si mtu wa kujishusha.

Msimu wa kupanda ulipofika bibi alinipigia simu kutoka Songea. Nilikuwa kibandani nabadilisha zipu. Tuliamkiana, akauliza hali ya watoto wetu, nikamwambia binti ameanza kunenepa na sitaki kusema zaidi. Akacheka. Nikamuuliza, kwa utani, mateka wetu anaendeleaje huko.

"Hajambo," akasema. "Kiwi imetoka yote. Yuko ghalani, nimempa alinde mbegu."